Bolti Iliyokatika Usiitupe: Namna ya Kusoma Chuma Kilichovutwa na Kukatwa kwa Pamoja

Bolti ikikatika huku kwetu ufukweni, fundi huking'oa kipande kilichobaki, hukitupa kwenye ndoo ya skrepa, kisha humtuma kijana dukani akalete nyingine ngumu zaidi. Kipande alichokitupa ndicho kilichokuwa na jibu. Nitaeleza hapa jinsi ya kukisoma, na cha kufanya ukishakisoma.

Nianze na kisa kilichonifundisha. Upande wa Kirumba, Mwanza, kwenye Ziwa Victoria, palikuwa na winchi ya kupandishia boti za dagaa nchi kavu. Kamba ya chuma ilipita kwenye kapi lililofungwa kwa bolti nne za M12 (kipenyo milimita 12) kwenye sahani nene ya chuma. Kwa muda mrefu kamba ilivuta ikiwa imenyooka na kapi. Mwaka 2020 ziwa lilipofurika, sehemu ya kupandishia boti ikabidi isogezwe pembeni, na kamba ikaanza kuvuta kwa mshazari. Hakuna aliyegusa kapi. Siku moja keli ya boti, ule uti wake wa chini, ikanasa kwenye jiwe, ikaachia, kamba ikalegea kisha ikakaza ghafla, na bolti mbili zikakatika. Mwenye boti alinikuta hapo. "Mwangaluka, fundi," akasema, na kabla sijaitikia vizuri akaongeza: "Weka ngumu kuliko hizo, dagaa hawasubiri." Nikaweka za 12.9 (hiyo ni namba ya daraja la nguvu iliyopigwa kichwani; ikiwa kubwa, bolti ni ngumu zaidi) zilizopakwa zinki. Baada ya wiki chache moja ikakatika bila hata kupinda, na kichwa chake kikaruka na kutoboa ndoo ya rangi karibu na alipokuwa amesimama kijana wangu. Tangu siku ile sifungi bolti mpya kabla ya kuitazama iliyokufa.

Hatua ya 1: Linda uso wa mvunjiko

Vipande viwili visirudishwe kugusana. Najua mkono unatamani kuvioanisha ili kuona kama vinalingana, lakini ukifanya hivyo unavisaga na kufuta alama zote. Usitumie brashi ya waya wala msasa. Mwagia mafuta ya taa, sugua taratibu kwa mswaki laini wa zamani, kausha, paka mafuta mepesi na ufunge kwenye karatasi ya nailoni. Kwa unyevu wa ziwa, uso ulioachwa wazi usiku mmoja tu unaamka na kutu.

Kabla ya kung'oa chochote piga picha kwa simu, kisha andika kwa chaki au rangi: bolti hii ilikuwa tundu lipi, upande upi ulitazama juu, kamba ilivuta kuelekea wapi. Bila mwelekeo, kipande cha chuma hakiwezi kukuambia mengi.

Hatua ya 2: Je, imekufa kwa uchovu au kwa mzigo wa mara moja?

Swali hili lije kabla ya yote, kwa sababu likijibiwa vibaya, hatua zote zinazofuata zinapotea. Shika kipande kwenye jua la pembeni, asubuhi au jioni, ukigeuze polepole. Kama unaona mistari ya mviringo iliyofuatana, kama ile mistari ya maji inayobaki kwenye mawe makubwa ya Mwanza ziwa linaposhuka, huo ni uchovu. Ufa ulianza mahali padogo, mara nyingi kwenye shina la meno (chini kabisa ya bonde kati ya jino na jino), ukatambaa siku nyingi kwa mzigo mdogo unaojirudia, na mwisho kipande kilichobaki kikashindwa. Hapo tatizo lako ni mtikisiko na mbano uliolegea.

Kama uso wote ni wa kijivu kisichong'aa, umekwaruza kama gunia, na chuma kimebadilika umbo karibu na mkato, hicho ni chuma kinachonyumbulika kilichozidiwa mara moja. Ndicho tunachozungumzia hapa. Na kama uso unametameta chembechembe kama sukari na hakuna umbo lililobadilika, chuma kimepasuka kama kioo. Hiyo ni kesi nyingine, nitaigusa mwishoni.

Hatua ya 3: Elewa kinachotokea ndani

Usiruke hapa. Fundi anayeelewa hatua hii hahitaji kukariri zinazofuata.

Chuma cha kawaida si safi. Ndani yake mna chembe ndogo za vitu vingine, kwa mfano salfaidi ya manganizi, zilizobaki tangu kiwandani. Chuma kinapovutwa kupita kiasi, huachana na chembe hizo, na kila chembe huzungukwa na kitundu. Vitundu hukua, hukaribiana, kisha kuta nyembamba kati yao hukatika na vikawa ufa mmoja. Kunyumbulika kwote kunakoonekana nje, kule kurefuka na kufanya kiuno (kuwa chembamba sehemu moja), ndani ni safari ya vitundu hivyo.

Sasa fanya jaribio. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli upana wa vidole vinne, urefu wa kiganja na nusu. Toboa matundu matano ya duara katikati kwa bomba dogo lililonolewa. Shika ncha mbili uvute: matundu yanarefuka kuelekea unakovuta. Mwombe mwenzako avute pia pande mbili zilizobaki, ninyi wawili kwa pamoja: matundu yanafunguka pande zote, yanakuwa makubwa, na ukuta kati yao unabaki uzi. Halafu mwache mwenzako aachie, wewe usivute tena, bali sogeza mkono mmoja juu na mwingine chini kama unayesukuma karata juu ya nyingine. Matundu hayakui. Yanalala upande, yanajibana na kuwa mipasuko, na mipasuko hiyo inaelekeana ncha kwa ncha.

Hapo umeona njia mbili za kufa kwa chuma. Chuma kinachovutwa pande zote kwa pamoja hukatika kwa vitundu kuvimba. Chuma kinachokatwa, yaani kinachosukumwa pembeni upande huu huku na ule kule kama karata, hukatika kwa vitundu kulala na kuunganika katika ukanda mwembamba unaoteleza. Mzigo ukiwa na vyote viwili, njia hizi hushindana, na hukatika kwa ile itakayofika kwanza.

Wataalamu wana namba ya kupima hali hii: wanagawa wastani wa mvuto wa pande tatu kwa ukali wa jumla wa mzigo. Kukatwa kutupu ni 0. Nondo inayovutwa moja kwa moja, kabla haijafanya kiuno, ni theluthi moja. Ndani ya kiuno, au kwenye shina la mfereji kama meno ya bolti, namba hupanda juu ya hapo, kwa sababu chuma kinene cha pembeni hukizuia kile chembamba kisisinyae. Kwa muda mrefu ilikubalika kwamba kadiri namba hii inavyoshuka ndivyo chuma kinavyostahimili kurefuka zaidi, kwa maana kwamba vitundu havivimbi. Mwaka 2004 Bao na Wierzbicki walionyesha kwa alumini kwamba mambo si mepesi hivyo: karibu na kukatwa kutupu ustahimilivu unaweza kushuka tena. Mwaka 2007 Barsoum na Faleskog wa Sweden walivuta na kusokota kwa pamoja mirija ya chuma iliyochongwa mfereji, wakaziona zile njia mbili zikipokezana kadiri mchanganyiko wa mzigo ulivyobadilika. Kwa fundi wa ufukweni maana yake ni hii: usiseme "hii bolti imekatwa tu, haikuvutwa, basi ina nafasi kubwa." Inaweza kuwa haina.

Hatua ya 4: Soma umbo

Chukua vernia (kipimo cha kupimia kipenyo) na bolti mpya ya aina ileile uiweke pembeni kwa kulinganisha.

Iliyovutwa peke yake huwa na kiuno, yaani kipenyo kimepungua kuzunguka kote kwa usawa. Upande mmoja wa mkato ni kikombe na mwingine ni koni. Katikati ya kikombe ni bapa na pamekwaruza, maana ndipo vitundu vilipovimbia kwanza. Ukingoni kuna mdomo uliolala kama nyuzi 45, maana chuma kilichobaki pembeni kiliishia kwa kuteleza. Hata kifo cha kuvutwa humalizikia kwa kukatwa. Kwenye meno ya bolti kiuno huwa kidogo, kwa sababu ya ile mifereji niliyoitaja, kwa hiyo usikitafute kwa macho tu. Zungusha nati mpya kwa vidole kwenye meno ya bolti iliyokatika: ikienda laini kisha ikakwama karibu na mkato, meno yamerefuka, na hapo palivutwa.

Iliyokatwa peke yake haina kiuno. Mkato umekaa bapa, sawasawa na pale sahani mbili zilipogusana, na uso umepakazwa upande mmoja, unang'aa kama siagi iliyopitishwa kisu. Shina la bolti huwa limepinda kidogo, na tundu la sahani limekuwa na umbo la yai.

Iliyobeba vyote viwili ina dalili za pande zote. Ile ya Kirumba ilikuwa hivi: mkato umelala mshazari, si bapa wala si kikombe. Upande uliotazama ziwa ulikuwa na mpako wa kung'aa wenye mikwaruzo yote ikielekea kamba ilikovuta. Upande wa pili ulikuwa wa kijivu na umekwaruza, na hapo ndipo kipenyo kilipungua. Upande wa kwanza hakikupungua hata kwa unywele. Kiuno cha upande mmoja ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Kinakwambia bolti ilivutwa huku ikisukumwa pembeni, na kinakwambia upande gani.

Kwa macho huwezi kuona vitundu vyenyewe, ni vidogo mno, vya elfu chache za milimita. Kwenye hadubini ya elektroni hubaki kama vibonyeo: vya duara kama chuma kilivutwa, vilivyorefuka kama kilikatwa. Katika kukatwa, vibonyeo vya kipande kimoja hutazama upande mmoja na vya kipande cha pili hutazama upande wa kinyume. Maabara ikikupa picha za nyuso zote mbili, angalia hilo.

Kuna kifo kimoja ambacho mafundi wengi hawakihesabu kuwa mchanganyiko: bolti iliyokatikia mkononi wakati wa kukaza. Unapozungusha nati unaivuta bolti, na wakati huohuo msuguano wa meno unaisokota, na kusokota ni kukatwa kwa mduara. Uso wake huwa na mzunguko kama maji yanayoingia shimoni. Meno makavu yenye kutu huongeza kusokota na kupunguza kuvuta, ndiyo maana bolti hukatika huku sahani bado hazijabanwa. Ukitaka kuona tofauti na chuma kisichonyumbulika, sokota kipande cha chaki ya ubaoni kwa vidole: kinapasuka kwa mviringo wa mshazari wa nyuzi 45. Bolti laini iliyobanwa kwenye jiliwa na kusokotwa inakatika bapa.

Hatua ya 5: Tafuta nguvu ya kukata ilitoka wapi

Bolti iliyokazwa vizuri kwenye kiungo cha sahani mbili haipaswi kukatwa. Mbano wake hushikanisha sahani, na msuguano wa sahani ndio unaobeba nguvu ya pembeni. M16 ya 8.8 iliyokazwa hadi asilimia 70 ya uwezo wake inabana kwa kilonyutoni 88 hivi. Hata kwa msuguano mdogo wa 0.2, sahani hazitelezi mpaka nguvu ya pembeni ifike karibu kilonyutoni 17, yaani zaidi ya tani moja na nusu kwa bolti moja. Ukiona bolti imekatwa, jua mbano ulikuwa umekwisha, au haukuwahi kuwepo, au nguvu ya pembeni iliuzidi msuguano huo.

Kwa hiyo kagua: kulikuwa na rangi nene kati ya sahani? Rangi hubonyea polepole na mbano huondoka nayo. Washa ilikuwepo? Matundu yalitobolewa kwa grenda na moto, yakapwaya? Yakipwaya, bolti moja au mbili ndizo hugusa ukuta kwanza na kubeba mzigo wa zote nne. Meno yalikuwa yamekaa kwenye mstari wa kukatwa? Sehemu isiyo na meno ni nene na haina mfereji. Ndiyo inayotakiwa kukaa hapo.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Hesabu haina ugumu. M12 ina eneo la milimita za mraba 84.3 kwenye meno. Bolti isiyo na namba kichwani ihesabu kuwa ya 4.6, nyutoni 400 kwa kila milimita ya mraba. Ikivutwa peke yake inakatika kwenye kilonyutoni 33 hivi. Ikikatwa peke yake inabeba kama asilimia 60 ya hapo, kilonyutoni 20.

Zikija pamoja, usizilinganishe moja moja. Gawa nguvu ya kuvuta kwa uwezo wa kuvutwa, jibu lizidishe kwa lenyewe. Fanya hivyohivyo kwa kukata. Jumlisha. Ikifika 1, imekatika. Yaani bolti inayotumia asilimia 80 ya uwezo wa kuvutwa imebakiwa na asilimia 60 tu ya kukatwa, kwa sababu 0.64 na 0.36 ni 1. Kanuni ya ujenzi ya Ulaya, Eurocode 3, ni kali zaidi, na kwa kazi ambayo mtu anasimama karibu mimi hufuata ukali huo: sehemu ya kukata jumlisha sehemu ya kuvuta iliyogawanywa kwa 1.4, isizidi 1.

Turudi Kirumba. Kamba ilivuta tani 2, sawa na kilonyutoni 20. Iliingia na kutoka kwenye kapi kwa pembe mraba, hivyo kapi lilibeba mara 1.4, kilonyutoni 28. (Hilo husahaulika sana: kapi hubeba zaidi ya kamba, na kamba ikirudi ilikotoka hubeba mara mbili.) Nguvu hiyo ilikuja kwa nyuzi 45 kwenye sahani, kwa hiyo 20 zilivuta kapi kutoka kwenye sahani na 20 zilisukuma pembeni. Kapi lilisimama milimita 150 juu ya sahani na bolti zilipishana milimita 100, basi ule msukumo wa pembeni uligeuka mtarimbo na kung'oa bolti mbili za upande mmoja kwa 15 kila moja. Ongeza 5 za mvuto wa moja kwa moja, ni 20. Matundu yalipwaya, bolti mbili zikabeba kukatwa kwote, 10 kila moja.

Kuvutwa ni asilimia 60 ya uwezo. Kukatwa ni asilimia 50. Ukizitazama mojamoja unaona nafasi tele. Ukizijumlisha kwa njia niliyoeleza unapata 0.6, na mstuko wa kamba unaoongeza mzigo mara 1.3 tu unatosha kuvuka 1. Keli iliyonasa na kuachia hutoa mstuko kuliko huo.

Hatua ya 7: Rekebisha nguvu kwanza, bolti baadaye

Geuza sahani itazame kamba. Fupisha kimo cha kapi. Kirumba tulifanya hayo mawili, tukaondoa rangi kati ya sahani, tukatoboa matundu upya kwa drili ya milimita 18, tukaweka M16 za 8.8 zenye washa ngumu, meno yakiwa nje ya mstari wa kukatwa. Tulikaza kwa spana ya kupima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio wa msalaba, tukarudia baada ya siku mbili.

Kuhusu zile za 12.9. Bolti ya 4.6 hurefuka angalau asilimia 22 kabla ya kukatika, ya 8.8 asilimia 12, ya 12.9 asilimia 8. Kadiri unavyopanda ugumu ndivyo unavyopoteza onyo. Na chuma kigumu namna hiyo kikipakwa zinki kwa umeme kinaweza kunyonya haidrojeni, kikapasuka siku au wiki baada ya kukazwa, kwa mzigo ambao kingeucheka. Uso wa ile iliyotoboa ndoo ulikuwa wa chembechembe za sukari, hauna kiuno hata kidogo. Kwenye winchi, kapi na ndoano za trela, mahali panapopigwa mistuko, chagua 8.8 na uongeze unene. Usichanganye aina mbili kwenye kiungo kimoja, ile laini ikianza kurefuka, mzigo unaozidi utaiangukia ile ngumu.

Wakati wa kujaribu, ondoa watu wote kwenye mstari wa kamba na nyuma ya kapi, hatua zisizopungua urefu wa kamba yenyewe. Anza na mzigo mdogo, simamisha, kagua, endelea.

Mwisho chora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaopita juu ya nati, washa na sahani. Nati ikisogea, mstari unakatika, na hata mtoto anayesubiri dagaa zishushwe anaweza kuliona hilo na kukuita.